Una Mkono wa Saizi Gani? Baridi ya Julai na Msako wa Glavu Kitengela

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, mwezi wa Julai, waendeshaji bodaboda wa Kitengela hutambulika kwa mikono kuliko kwa nyuso. Nyuso zote zimezama ndani ya mavini na helmeti. Mikononi ndiko kila mtu ana lake. Mmoja amevaa glavu nyekundu za skii zilizovimba hadi vidole havikunjiki. Wa pili amevaa soksi. Wa tatu ana glavu za mjengo, zile za uzi zilizopakwa mpira kiganjani. Wa nne ana glavu ya ngozi mkono wa kushoto na ya sufu mkono wa kulia. Wa tano ameingiza mikono yote miwili katika vifuko vya ngozi bandia alivyovifunga kwenye usukani, na haitoi hata kumsalimia mwenzake.

Mgeni anayeijua kaunti ya Kajiado, ambamo Kitengela imo, kwa picha za tembo na jua la Amboseli anaweza kudhani hizo ni mbwembwe. Alale Kitengela usiku mmoja wa kipupwe, kisha apande pikipiki alfajiri kwenda Isinya. Akishuka hataweza kufungua zipu ya koti lake mwenyewe.

Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya huitaja Juni hadi Agosti kuwa miezi ya baridi katika nyanda za juu, na Julai ndio kilele chake. Baridi yenyewe hutoka mbali. Kusini mwa Bahari ya Hindi, karibu na visiwa vya Mascarene, kuna eneo la kanieneo kubwa ya hewa ambalo msimu huo hupata nguvu na kusukuma hewa baridi yenye unyevu kuelekea bara. Hewa hiyo ikipanda nyanda za juu hugeuka mawingu mazito ya chini, na jua linaweza kukosekana kutwa nzima. Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwenye tambarare ya Athi-Kapiti ambayo haina msitu wala kilima cha kukinga upepo. Anayetaka ushahidi wa upepo wa Kajiado atazame mitambo. KenGen ina mashine za umeme wa upepo juu ya vilima vya Ngong zenye uwezo wa megawati 25.5, na Kipeto, ndani ya kaunti hiyo hiyo, mashine 60 zilianza kuzalisha megawati 100 mwaka 2021. Hakuna mwekezaji anayesimamisha mitambo ya namna hiyo mahali pasipo na upepo.

Sasa ongeza pikipiki. Mwendeshaji hujitengenezea upepo wake mwenyewe, hata siku ambayo majani hayatikisiki. Wataalamu wa hali ya hewa wa Kanada na Marekani hutumia kanuni iliyoanza kazi mwaka 2001 kukadiria jinsi upepo unavyozidisha baridi mwilini. Kwa hesabu hiyo, kipimajoto kikisoma nyuzi 10 na upepo ukivuma kilomita 50 kwa saa, ngozi iliyo wazi huhisi baridi ya nyuzi 5 au 6. Kilomita 50 kwa saa ni mwendo wa kawaida wa pikipiki ya Boxer kwenye barabara ya Namanga. Umbali wa Kitengela hadi mji wa Kajiado ni kilomita zipatazo 50. Hiyo ni saa nzima ya kushika chuma na mpira, vidole vikiwa mbele ya kila kitu.

Mwili nao una siasa zake. Baridi ikizidi, mishipa midogo ya vidoleni hujibana ili damu yenye joto ibaki kifuani na tumboni. Vidole huachwa vijitegemee. Kwanza huuma, kisha hufa ganzi, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu kidole kilichokufa ganzi hakijui kimeminya breki kiasi gani. Mkono wa kulia wa mwendeshaji una moto, yaani kiongeza mwendo, na breki ya mbele, wa kushoto una klachi. Hakuna mkono wa akiba.

Kwa hiyo haja ya glavu haina mjadala, na glavu zenyewe si haba. Kinachokosekana Kitengela ni glavu inayomkaa mtu, na wanunuzi wengi hawaitafuti. Wanatafuta unene.

Kenya iliagiza takriban tani 185,000 za mitumba mwaka 2019, na sehemu ya shehena za namna hiyo ni marobota ya kofia, skafu na glavu kutoka nchi ambako theluji huanguka. Robota likifunguliwa, wanaowahi huchagua “kamera”, yaani vitu vya daraja la kwanza. Wa mwisho hubakiwa na “fagia”. Mzigo unaofika vibandani Kitengela, wauzaji wengi wakiutoa soko la Gikomba, umeshapita mikono mingi, na mara nyingi jozi zimepotezana njiani. Ndiyo maana mchuuzi makini huzifunga mbili mbili kwa mpira au uzi. Asiye makini humwaga yote juu ya turubai na kumwachia mteja kazi ya kutafuta pacha.

Tazama mteja anavyochagua. Huokota iliyo nene kuliko zote, huifinya kama anayekagua embe, huivaa mkono mmoja, hukunja ngumi mara moja, hulipa. Hajaijaribu ya pili. Hajageuza lebo. Hajaingiza kidole ndani kuona bitana imeshonewa wapi.

Hiyo bitana ndiyo humliza wiki ya kwanza. Glavu ya skii ina tabaka tatu: nailoni nje, pamba bandia katikati, kitambaa laini ndani. Katika zile za bei ya chini, au zilizochakaa, kitambaa cha ndani hakijashikizwa kwenye ncha za vidole. Mwendeshaji akifika na abiria, kiganja kikiwa na jasho, akivuta mkono wake nje, bitana nayo inatoka. Vidole vitano vya kitambaa vinaning’inia nje ya glavu, na kuvirudisha kila kimoja mahali pake ni kazi ya dakika kadhaa, tena kwa mikono yenye baridi, abiria akiuliza mbona hatuondoki. Kuna namna rahisi ya kuepuka balaa hilo pale pale kibandani. Shika ncha ya kidole cha glavu kwa nje, kisha ingiza kidole chako na uivute bitana taratibu kwa ndani. Ikiteleza, iache hiyo glavu, hata kama rangi yake imekupendeza.

Glavu za manyoya bandia, zile laini zinazopendwa na wanafunzi, hutunza joto ndani ya matatu. Kwenye pikipiki upepo hupenya moja kwa moja kana kwamba hujavaa kitu. Za kufumwa kwa uzi zina kasoro hiyo hiyo. Glavu za mjengo hushika vizuri, na mpira wake huzuia upepo upande wa kiganja, lakini mgongo wa mkono, ambao ndio unaopigwa, umebaki uzi mtupu. Wapo wanaovaa mfuko wa plastiki chini yake. Upepo haupiti, ni kweli, ila jasho nalo halitoki, na baada ya nusu saa mkono umelowa na baridi imerudi kwa mlango wa nyuma. Maduka ya spea huuza glavu mpya za pikipiki zenye ngao ya plastiki juu ya vifundo. Nyingi kati ya hizo zina matundu ya kupitisha hewa. Mwezi wa Februari ni raha. Julai ni adhabu.

Na vile vifuko vya usukani? Hukinga upepo kuliko glavu nyingi, hilo lazima likubaliwe. Shida yake ni kwamba mkono hauonekani wala hautoki upesi, na mtu anayeanguka angependa mikono yake iwe huru. Akivitumia, avifunge vilegee na mdomo wake uwe mpana.

Turudi kwenye saizi. Mtu anayejua kiatu chake ni namba 42 na shati lake ni kola 16 hajui mkono wake ni namba ngapi, ilhali namba hiyo ipo na ina umri mkubwa. Katika mji wa Grenoble, Ufaransa, uliokuwa maarufu kwa glavu za ngozi, fundi aitwaye Xavier Jouvin alichoka kuona kila glavu ikikatwa kwa kukisia. Alichunguza mikono ya watu, akaipanga kwa upana na umbo, na mwaka 1834 akapata hataza ya mfumo wake wa kukata ngozi kwa saizi. Tangu hapo glavu za ngozi zimehesabiwa kwa inchi za mzunguko wa kiganja. Glavu ya ngozi ya mtumba iliyogongwa 7½ kwa ndani inasema hivyo tu: kiganja cha inchi saba na nusu, kwa inchi ya Kifaransa ambayo ni ndefu kidogo kuliko ya Kiingereza, yapata milimita 27.

Glavu za kazi zina jedwali lake. Kiwango cha Ulaya EN 420, ambacho mwaka 2020 kilipisha EN ISO 21420, kinaupa mkono wa saizi 7 mzunguko wa milimita 178 na urefu wa 171. Saizi 8 ni 203 kwa 182. Saizi 9 ni 229 kwa 192, na saizi 10 ni 254 kwa 204. Watengenezaji wengi huita 7 S, 8 M, 9 L na 10 XL, ingawa kila mmoja ana ukarimu wake na herufi haziaminiki kama namba.

Kujipima ni kazi ya utepe wa fundi cherehani. Zungushia utepe kiganja cha mkono unaoutumia zaidi, juu kidogo ya pale kidole gumba kinapoanzia, usikihesabu chenyewe. Kisha pima kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati. Andika namba zote mbili kwenye simu. Mwenye milimita 210 kwa 180 ajue kwamba yuko kati ya 8 na 9 kwa upana, lakini kwa urefu anakaribia 8 tu. Ukilitazama jedwali utaona jambo ambalo wauzaji hawalisemi: kutoka saizi 8 hadi 9 kiganja hupanuka milimita 26, ila urefu huongezeka 10 tu. Mikono ya watu haifuati mpangilio huo kwa utiifu. Mwenye kiganja kipana na vidole vifupi, na mikono ya kazi nzito mara nyingi huwa hivyo, akinunua kwa upana hubaki na ncha tupu. Akinunua kwa urefu, hubanwa.

Yupi afadhali? Kwa baridi, kubanwa ni kubaya zaidi. Joto la glavu hutokana na hewa tulivu iliyonaswa kati ya ngozi na kitambaa, na glavu inayobana huifinya hewa hiyo ikaisha, halafu huibana na mishipa ambayo tayari imejifunga. Ndiyo maana mtu anaweza kuvaa glavu nene mno na bado vidole vikafa ganzi kabla hajafika Isinya. Glavu pana kupita kiasi nayo ina lake. Kila mkono unapojongea, hewa ya moto husukumwa nje kupitia kifundoni na ya baridi huingia. Ncha tupu za vidole hunaswa kati ya mkono wa klachi na usukani. Nafasi inayotakiwa mbele ya kidole ni ndogo, unene wa penseli hivi, si zaidi.

Vidole vikizidi, fundi yupo. Mshona viatu yeyote mwenye sindano nzuri anaweza kuigeuza glavu ya ngozi isiyo na bitana, akapitisha mshono mpya nusu sentimita ndani ya ule wa zamani, akakata ziada na kuirudisha. Glavu ya skii haikubali upasuaji huo, kwa kuwa sindano hutoboa utando unaozuia maji.

Basi glavu ijaribiwe wapi? Si hewani. Ijaribiwe juu ya pikipiki yenyewe, na mchuuzi mwenye busara hatakataa iwapo pikipiki imeegeshwa mbele ya kibanda chake. Vaa zote mbili. Shika usukani. Nyoosha vidole viwili hadi kwenye breki bila kuachia moto. Ngozi ikijikusanya kiganjani na kutengeneza tuta, tuta hilo litakuwa lengelenge kabla ya Ijumaa. Sikiliza pale katikati ya kidole gumba na cha shahada, kwa sababu glavu mbovu huvuta hapo kwanza. Kunja mkono kwa dakika moja, siyo sekunde mbili. Halafu okota sarafu ya shilingi kumi kutoka kwenye tangi. Ukiweza kuiokota, utaweza kurudisha chenji.

Chenji imepungua siku hizi, maana abiria wengi hulipa kwa M-Pesa, huduma iliyoanza Machi 2007, wakati ambapo simu nyingi zilikuwa na vitufe. Kitufe hubonyezwa hata kwa glavu. Kioo cha simu ya leo husikia umeme mdogo wa mwili, na ngozi au nailoni huukata. Matokeo yake ni tendo linaloonekana kila kona ya Kitengela asubuhi: simu inaita, mwendeshaji anauma ncha ya glavu ya kulia, anaichomoa kwa meno, anaongea huku imening’inia mdomoni. Wengine wamekata ncha za kidole gumba na cha shahada kwa mkasi. Ni suluhisho, lakini ukikata bila kuupiga ukingo overloki au mshono wa mkono, glavu hufumuka hadi kifundoni. Zipo glavu zenye uzi unaopitisha umeme kwenye ncha hizo. Hutambulika kwa kidoa cha rangi tofauti au alama ya simu, na katika lundo la mtumba ni bahati ya kuokota.

Jambo moja kuhusu mkono wa koti. Wakati wa ukavu, shingo ndefu ya glavu ikae juu ya mkono wa koti, upepo usipande hadi kwapani. Mvua ikinyesha, geuza: koti liwe juu, maji yasitiririke ndani ya glavu.

Waendeshaji hawako peke yao. Isinya na viunga vya Kitengela vina mashamba ya waridi, na waridi likishakatwa hukimbizwa kwenye chumba baridi cha nyuzi 2 hadi 4 ili lisichanue kabla ya kufika sokoni Ulaya. Wanaolipanga humo ndani, wengi wao wanawake, hukaa kwenye Julai yao ya kudumu mwaka mzima. Kazi yao inataka vidole vyepesi, kwa sababu ua likibanwa linapata doa. Glavu ya mchumaji, ile ngumu ya kuzuia miiba, haifai chumba baridi, na glavu ya chumba baridi haifai miiba. Anayeagiza kwa katoni huvutiwa na saizi moja kwa wote, na saizi hiyo kwa kawaida huwa kubwa. Mwanamke mwenye mkono wa 7 akipewa glavu ya 10 ataivua ndani ya saa moja, kisha msimamizi aandike kwamba wafanyakazi hawapendi kuvaa vifaa vya kujikinga.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kuwapa wanaokabiliwa na majimaji au vitu vya kudhuru mavazi ya kujikinga yanayofaa, na glavu zimetajwa humo. Glavu inayopwaya saizi tatu haifai kwa maana yoyote ya kawaida. Msimamizi wa ununuzi anaweza kuanza na mambo mawili yasiyo na gharama: kupima mikono ya wafanyakazi kabla ya kuagiza, na kutafuta kwenye lebo alama ya chembe ya theluji yenye maandishi EN 511, kiwango cha Ulaya cha glavu za baridi. Chini ya alama hiyo kuna tarakimu tatu. Ya kwanza ni baridi ya hewa, ya pili ni baridi ya kugusa kitu, zote zikipimwa kuanzia 0 hadi 4, na ya tatu ni maji, 0 au 1. Kwa mwenye bodaboda hali ni nyingine, kwani Sheria ya Trafiki inamdai helmeti na jaketi la kumeremeta. Mikono ni shauri lake.

Lililo chungu zaidi katika habari hii ni kwamba Kajiado imejaa glavu zinazotembea kwa miguu minne. Kondoo mwekundu wa Kimaasai, mwenye mkia wa mafuta na sifa ya kuhimili minyoo, ni kondoo wa singa, si wa sufu. Watengenezaji glavu wa dunia wanaitafuta ngozi ya aina hiyo. Ngozi ya kondoo wa sufu imejaa vinyweleo na mafuta, ikichakatwa huwa legevu. Ya kondoo wa singa ina nyuzi zilizosongamana, hivyo inaweza kupunguzwa ikawa nyembamba sana na bado isichanike. Glavu nyingi nzuri za gofu hushonwa kwa ngozi ya namna hiyo. Ethiopia, yenye kondoo wa singa wa nyanda za juu, iliuza ngozi kwa miaka mingi kwa kampuni ya Pittards ya Yeovil, Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1826, na baadaye kampuni hiyo ikaenda kuchakata ngozi na kushona glavu Ethiopia kwenyewe.

Huku kwetu, viwanda vya ngozi viko Athi River, ng’ambo tu ya mpaka wa kaunti, mwendo wa dakika chache kutoka Kitengela. Eneo la viwanda vya mauzo ya nje, EPZ, liko hapo hapo na lina maelfu ya wanawake na wanaume wanaojua kuendesha cherehani ya kiwandani kwa macho yaliyofumbwa. Serikali imekuwa ikijenga bustani ya viwanda vya ngozi Kinanie, Machakos. Ngozi ipo, mikono ipo, wateja wenye baridi wapo mlangoni. Hata hivyo sehemu kubwa ya ngozi ya Kenya huondoka nchini ikiwa imechakatwa nusu, ile ya rangi ya samawati itokanayo na kromu, ili wengine wakaimalizie.

Sababu zipo, na haifai kuzificha. Glavu haivumilii doa. Kisu kikiteleza wakati wa kuchuna, kupe akiuma, chuma cha alama kikichoma ubavuni, kipande hicho cha ngozi hakifai kukatiwa kidole. Ukataji nao ni ufundi wa miaka. Mkata glavu hulowesha ngozi kidogo, huivuta juu ya meza hadi imalize kurefuka, ndipo akate, ili glavu ikishavaliwa ipanuke kwa upana na isirefuke vidoleni. Halafu kuna vile vipande vyembamba vya kando ya kila kidole, ambavyo mtu asiyevitazama hajui kama vipo. Vinafanya kidole kiwe na mzingo wa kidole. Glavu isiyo navyo ni vipande viwili bapa vilivyoshonwa pamoja, na mkono wa mwanadamu si bapa. Hakuna lolote kati ya hayo linaloishinda Athi River. Kinachotakiwa ni mtu wa kuagiza jozi elfu chache kwa saizi nne, na hilo chama cha akiba na mikopo cha waendeshaji kingeweza kulifanya.

Upande wa pili wa kaunti, Loitokitok, watu huamka wakiuona mlima Kilimanjaro wenye mita 5,895. Ng’ambo ya mpaka, Moshi, mradi wa kuwasaidia wapagazi wa mlima huo, KPAP, ulioanza mwaka 2003, huwaazima wapagazi nguo za baridi, glavu zikiwemo, kwa sababu wengi walikuwa wakipanda na nguo za bondeni. Watu wa mlimani wana utaratibu ambao mwendeshaji wa Kitengela anaweza kuuiga: glavu nyembamba ya sufu ndani, ganda jepesi la kuzuia upepo nje. Jua likitoka unavua ganda. Ukitaka kulipwa unavua ganda na kubaki na nyembamba. Kinachohitaji kupimwa vizuri ni ganda, ambalo lazima liwe kubwa kwa saizi moja ili glavu ya ndani isibanwe.

Kuna na wasafiri. Kijana aliyepata kazi au chuo Kanada hupita kwenye mitumba ya Kitengela kabla ya kwenda uwanja wa ndege, akidhani glavu ya hapa itamfaa kule. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri anahitaji ile isiyotenganisha vidole, yenye chumba kimoja cha vidole vinne na kingine cha gumba, ambamo vidole hupashana joto. Kwenye lundo la Kitengela hiyo huuzwa rahisi kwa kuwa haiwezi kushika klachi. Anayesafiri ainunue, asiyesafiri aiache.

Kwa anayebaki na pikipiki yake, uamuzi ni huu. Glavu ya ngozi yenye bitana nyembamba, saizi ya kiganja chako halisi, vidole vikifupishwa na fundi ikibidi, inashinda glavu ya skii yenye unene maradufu. Ikilowa, ijaze magazeti na uianike kivulini. Usiiweke kando ya jiko, itakauka kama kibao na haitarudi katika umbo lake. Mwisho, usingoje baridi ianze kuuma ndipo uende kutafuta. Nenda Mei na utepe mfukoni, mizigo ikiwa haijachambuliwa na wengine, kwa sababu katikati ya Julai kinachobaki juu ya turubai ni XL na za mkono mmoja.